Kutoa SMS na faili za chama kwenye simu yenye kioo kilichokufa: shajara ya mradi

Chama chetu ni cha wachuuzi wa soko la Kongowea, Mombasa. Michango huingia kwa M-Pesa kwenye laini ya mweka hazina, risiti hupigwa picha kwa simu hiyo hiyo, na mambo ya mikutano yamo kwenye kundi la WhatsApp. Daftari lipo lakini lina mapengo; ushahidi wenyewe uko ndani ya simu. Simu ilianguka, kioo kikapasuka. Picha bado inaonekana, ila mguso umekufa kabisa. Ni Android 11, na kompyuta tuliyo nayo ni laptopu ya Windows 10. Tunataka michango yote tangu 2021, na tunaitaka kabla ya Idi, maana hapo ndipo akiba ya chama hugawanywa na kila mtu kupewa chake.

Naandika kila hatua inapokamilika, ili katibu wa chama kingine akipatwa na haya asianze gizani.

2 Machi 2025: Kabla ya kugusa chochote

Mafundi wawili walishaulizwa. Mmoja alitaka shilingi 4,500 kubadilisha kioo. Wa pili alisema ataiflash, yaani kuiwekea mfumo upya, irudi kama mpya. Huyo wa pili tumemkatalia papo hapo. Simu za Android za miaka hii huhifadhi data ikiwa imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya simu yenyewe. Ukiiflash kwa kuifuta, ufunguo unakwenda na data haifufuki, hata ukiwa na programu za kulipia.

Hata kubadilisha kioo tumekuahirisha. Kwa kawaida kioo kipya hakifuti kitu, lakini simu inafunguliwa, na ndani mna tepu nyembamba zinazoweza kukatika mezani kwa fundi. Data kwanza, kioo baadaye.

Mwanachama mmoja alishauri tuhamishe laini kwenye simu nyingine, ujumbe utafuata. Tulijaribu na haukufuata. Simu za leo huweka SMS kwenye kumbukumbu ya simu. Kwenye laini hakuna kitu. Tumeirudisha laini mahali pake.

Agizo moja kwa mweka hazina: simu isizime. Ikizimika na kuwaka, itadai namba ya siri kabla ya kufungua data, na mguso hakuna. Iko kwenye chaja usiku na mchana.

5 Machi 2025: Kebo, mausi, na mtego wa tundu moja

Kebo ya kwanza ilichaji tu. Kompyuta haikuona kitu. Kebo nyingi za bei ya chini zina nyaya mbili za umeme bila zile mbili za kupitisha data. Kabla ya kulaumu simu au kompyuta, badilisha kebo. Tulinunua nyingine kwa 350.

Kwa kebo mpya kompyuta iliita, jina la simu likaonekana, folda ndani yake tupu. Simu ikichomekwa huanza kwa kuchaji peke yake; lazima mtu afungue skrini na kuchagua kuhamisha faili. Kwa kidole kisichosikilizwa, haiwezekani.

Dawa ya hapo ni kiunganishi cha OTG, kipande cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu (200) na mausi ya kawaida ya waya (500). Ukichomeka mausi kwenye simu, mshale unatokea kwenye skrini na unabofya kama kwenye kompyuta. Namba ya siri iliingia, tukapumua.

Lakini simu ina tundu moja tu. Mausi ikiwa ndani, kebo ya kompyuta haina pa kuingia. Ukitoa mausi na kuchomeka kompyuta, simu inauliza swali, na cha kulijibia kimeshatoka. Mtego huu ndio uliokula muda kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, kwa hiyo naueleza vizuri.

Sehemu ya kwanza ya dawa: mausi ikiwa bado ndani, nenda Mipangilio, Kuhusu simu, na ubofye mara saba kwenye mstari wa namba ya toleo. Chaguo za wasanidi programu zinafunguka. Humo mna sehemu ya kuamua simu ifanye nini kila inapochomekwa USB. Chagua kuhamisha faili. Kisha refusha muda wa skrini kuzima hadi mwisho. Sasa fungua simu kwa mausi, ing'oe, chomeka kompyuta kabla skrini haijajifunga, na folda zinaonekana zenyewe.

Picha zikaonekana. SMS hazikuonekana, na hazitaonekana kamwe kwa njia hii. Zimo kwenye hifadhidata iitwayo mmssms.db, ndani ya eneo la mfumo ambalo kebo ya kawaida hairuhusiwi kufika. Tumeona watu wakipekua folda zote wakitafuta “Messages”, msijisumbue.

9 Machi 2025: Kupata ruhusa bila kidole

Chombo cha kufikia SMS ni adb, programu ya bure ya Google ya kuamrisha simu kutoka kwenye kompyuta. Inahitaji Utatuzi wa USB uwashwe, nao uko kwenye zile zile Chaguo za wasanidi programu. Tuliuwasha kwa mausi. Halafu tukang'oa mausi, tukachomeka kompyuta, na simu ikauliza: unairuhusu kompyuta hii? Tundu moja tena.

Tulijaribu scrcpy, programu ya bure ya Genymobile inayoonyesha skrini ya simu kwenye kompyuta. Ina namna ya kutumia mausi ya kompyuta kupitia kebo hata kabla ya utatuzi kuruhusiwa:

scrcpy --otg

Kwenye Windows yetu ilikataa kufungua kifaa. Njia hii husumbua Windows pale programu nyingine, hasa adb yenyewe, inapokuwa imeshakishika kifaa. Mwenye Linux aanze nayo, huenda akamaliza hapo hapo.

Iliyofanya kazi kwetu ni utatuzi kupitia Wi-Fi, uliokuja na Android 11. Uzuri wake ni kwamba tundu linabaki na mausi. Kwenye Chaguo za wasanidi programu washa utatuzi usiotumia waya, chagua kuoanisha kwa namba, na simu itaonyesha anwani pamoja na namba ya tarakimu sita. Kwenye kompyuta:

adb pair 192.168.43.20:37115

Unaandika zile tarakimu sita, kisha:

adb connect 192.168.43.20:40233

Anwani zako zitakuwa nyingine. Angalia pia kwamba namba iliyo baada ya nukta mbili si ile ile kwa amri zote mbili: ya kuoanisha iko kwenye kidirisha kidogo, ya kuunganisha iko kwenye ukurasa ulio nyuma yake.

Mara ya kwanza haikuungana. Tulikuwa kwenye Wi-Fi ya jengo, na ruta ile imewekwa ili vifaa vya wageni visionane. Intaneti inapita kwa kila kimoja, ila kompyuta haiwezi kuifikia simu iliyo mezani pale pale. Niliwasha hotspoti kwenye simu yangu, data nikaizima, laptopu na simu mbovu zote zikaingia. Kazi hii haihitaji intaneti, kwa hiyo haili bando. Ikaungana.

Baada ya hapo tuliandika scrcpy, na skrini ya simu ikatokea kwenye laptopu, ikibofyeka. Mausi ya OTG imetoka, kebo ya kompyuta imeingia, lile swali la ruhusa likaja, na safari hii tulilijibu kwenye dirisha la laptopu. Betri, iliyokuwa inakaribia kwisha kwa sababu mausi ilikalia tundu la chaja, ikaanza kupanda.

Mwenye Xiaomi: skrini ikionekana lakini haibofyeki, kuna swichi ya pili ya utatuzi wa USB, ya mipangilio ya usalama. Iwashe kwa mausi ya OTG, kisha uwashe simu upya; namba ya siri utaiingiza kwa mausi hiyo hiyo.

15 Machi 2025: SMS zinatoka, na kuharibika njiani

Programu maarufu ya kazi hii ni SMS Backup & Restore, inayotoa faili la XML. Tumeiacha kwa sasa kwa sababu kwa kawaida huchukua ujumbe wote wa mwenye simu, na sisi tuna haki na ule wa chama tu. Amri ya adb inaweza kuchuja ndani ya simu, kabla ujumbe haujatoka.

Jaribio la kwanza tulilituma moja kwa moja kwenye faili kutoka PowerShell, dirisha la amri la Windows. Faili likaja na maandishi yaliyovurugika, emoji zote zimegeuka takataka. PowerShell ya Windows 10, ukitumia alama ya >, huandika kwa usimbaji mwingine. Dawa ni kuiacha simu iandike yenyewe, kisha kuvuta faili:

adb shell
content query --uri content://sms/inbox --projection date:address:body --where "address='MPESA'" > /sdcard/Download/mpesa.txt
exit
adb pull -a /sdcard/Download/mpesa.txt

Majina ya safu hutenganishwa kwa nukta mbili, si koma. Ukitaka na ulizotuma, ondoa neno inbox. Ukiongeza safu ya type kwenye orodha ya safu, itakuambia: 1 ni uliopokea na 2 ni uliotuma.

Kila ujumbe hutoka kwenye mstari unaoanza na Row, ukifuatwa na date=, address= na body=. Tulipoupeleka kwenye LibreOffice Calc, programu ya majedwali, na kukata kwa koma, shilingi 1,500 zikawa shilingi 1 na 500 kwenye safu ya jirani. Kila kiasi kuanzia elfu moja kilivunjika. Ndiyo maana body imewekwa mwisho katika amri ya juu: ukate koma mbili za kwanza tu, mengine yabaki mzima. Na ujumbe wenye mistari kadhaa uunganishwe kwanza, kwa kanuni kwamba mstari usioanza na “Row:” ni mkia wa ule uliotangulia.

Kisha tarehe. Android huandika wakati kama idadi ya milisekunde tangu 1 Januari 1970, kwa saa za UTC. Fomula ya Calc au Excel ni:

=A2/86400000+25569+3/24

Hiyo 3/24 ni saa tatu za Afrika Mashariki, na bila hiyo hesabu ya mwezi inaharibika. Mama mmoja hutuma mchango wake saa saba za usiku akishafunga hesabu za kibanda. Akituma usiku wa kuamkia tarehe mosi, jedwali lisilo na zile saa tatu linamwandika saa nne usiku wa siku iliyotangulia, mwezi mwingine kabisa. Anaonekana kalipa mara mbili mwezi mmoja na kukosa unaofuata. Kwa jambo la namna hii watu wazima wamewahi kununiana miaka.

Tarehe iliyo ndani ya maneno ya M-Pesa huanza na siku, kisha mwezi. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani husoma 5/2/21, yaani tano ya Februari, kuwa mbili ya mwezi wa Mei. Sisi tunatumia ile ya milisekunde kuwa tarehe rasmi, na ya ndani ya ujumbe kuwa ya kulinganishia.

Namba ya muamala, zile herufi na tarakimu kumi za mwanzo, ndiyo kitambulisho. Haijirudii. Ukiichomoa kwenye safu yake, rudufu zinajitokeza mara moja.

18 Machi 2025: Zilizo zake na zilizo za chama

Kichujio cha MPESA hakitoshi. Laini ni ya mtu: humo mna karo za watoto wake, dawa za mamake, madeni ya watu. Mweka hazina alikaa nami baada ya futari na kusema, “Mwanangu, hizo zangu usizitie.” Nikamwambia, “Mama, wewe ndiye utakayesema ipi ibaki.”

Tulifanya hivi. Faili zima lilikwenda kwanza kwenye flashi yake mwenyewe, yeye aliishika. Kwenye laptopu tulichuja kwa namba za simu za wanachama, kila mmoja akiwa ametupa namba anazotumia kutuma. Kilichobaki nje ya orodha alikipitia yeye, mstari kwa mstari, akaonyesha vya chama. Halafu faili zima likafutwa kwenye laptopu na kwenye folda ya Download ya simu.

Kuna wanachama walioona huu ni mzunguko mrefu wa bure. Sikubaliani nao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, mwanamke aliyetutunzia fedha miaka yote hii hastahili maisha yake yasomwe mezani kwa kisingizio cha hesabu. Anayefanya kazi hii kwa mtu mwingine afanye mwenye simu akiwa amekaa ubavuni, kwa ridhaa yake.

Katika kuchuja tuligundua michango iliyotumwa kwa simu za waume na wana, kwa majina ambayo hayamo kwenye daftari. Kichujio cha namba peke yake kingeiacha nje.

22 Machi 2025: Picha na WhatsApp

Picha za risiti tuliziburuta kwanza kutoka kwenye folda ya DCIM kwa kebo ya kawaida. Ilisimama katikati, na zilizofika zilikuwa na tarehe ya leo. Njia hiyo, iitwayo MTP, hufanya jambo moja kwa wakati, na ikikwama huanza upya. Kwa adb ilikwenda moja kwa moja, na ile -a ikahifadhi tarehe za asili:

adb pull -a /sdcard/DCIM
adb pull -a /sdcard/Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media

Hiyo ya pili ndiyo folda ya WhatsApp kuanzia Android 11. Simu za zamani zaidi huiweka /sdcard/WhatsApp. Majina ya faili yana tarehe ndani yake, mfano IMG-20230514-WA0003.jpg, kwa hiyo hata tarehe ikipotea unaweza kupanga kwa jina. Sauti ni faili za opus, na VLC huzicheza.

Maandishi ya kundi hayapatikani kwa kuvuta folda. Kwenye folda ya Databases ya WhatsApp mna mafaili ya msgstore yanayoishia na crypt14 au crypt15, yamefungwa, na ufunguo wake uko ndani ya programu. Tulifungua kundi kupitia dirisha la scrcpy, tukatumia chaguo la WhatsApp la kutoa gumzo nje bila picha, likaja faili la txt. Lina jina, saa na maneno. Linatosha kuonyesha nani aliidhinisha mkopo gani.

Tahadhari: faili hilo ni maandishi tu, na yeyote anaweza kulihariri. Tulilitoa mbele ya wanachama watatu, na pale pale tukachukua alama yake ya SHA-256:

certutil -hashfile gumzo.txt SHA256

Alama imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la chama na kutiwa saini. Herufi moja ikibadilishwa kwenye faili, alama inabadilika.

26 Machi 2025: Kulinganisha

Mweka hazina aliomba taarifa kamili ya M-Pesa kupitia *334#, ikaja kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa kwa namba ya siri. Tuliilinganisha na jedwali letu kwa namba za muamala, kwa kutumia COUNTIF, fomula ya kuhesabu kitu kimejitokeza mara ngapi.

Zilizokuwa kwenye taarifa na hazikuwa kwenye SMS: ujumbe uliofutwa zamani ili simu ipate nafasi. Tumeziongeza kwa rangi tofauti, na chanzo chake kimeandikwa pembeni.

Zilizokuwa kwenye SMS lakini hazikustahili kuhesabiwa: fedha zilizotumwa kisha zikarudishwa kwa mtumaji. SMS ya kupokea inabaki kwenye simu, na ya kurudisha huja peke yake baadaye. Ukihesabu za kupokea tu, unampa mtu mchango ambao haukukaa. Tafuta neno reversal, au kurudishwa kama laini yako ni ya Kiswahili.

Kwa nini basi hatukuanza na taarifa na kuachana na simu? Kwa sababu taarifa haisemi fedha ilikuwa ya nini. Mwanachama akituma 600, ni wiki tatu za mchango au ni marejesho ya mkopo? Jibu liko kwenye SMS aliyomwandikia mweka hazina dakika moja baadaye, na kwenye sauti za WhatsApp. Hizo SMS za maelezo tulizivuta kwa amri ile ile, tukiweka namba ya mwanachama mahali pa MPESA, kila mmoja kwa ruhusa yake.

Jedwali lilisomwa kwenye mkutano wa mwisho kabla ya Idi. Fedha taslimu zilizowahi kulipwa mkononi bado zinategemea daftari, na hapo simu haina msaada.

12 Aprili 2025: Kioo, usalama, na utaratibu mpya

Kioo kimebadilishwa kwa zile 4,500, mguso umerudi. Kabla simu haijapelekwa kwa fundi tulifuta idhini zote za utatuzi, tukazima Utatuzi wa USB na ule wa Wi-Fi. Usiache umewashwa: SMS zinabeba namba za siri za benki.

Utaratibu wa sasa: kila Jumapili mweka hazina anakuja na simu, tunachomoa ujumbe wa wiki kwa amri ile ile iliyochujwa, unaongezwa kwenye jedwali, na nakala zinakwenda kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Tulijaribu KDE Connect, programu ya kuunganisha simu na kompyuta kwa Wi-Fi, ili picha za risiti ziingie laptopuni bila kebo. Haikuonana na simu mpaka tulipofungua milango (ports) 1714 hadi 1764 kwenye ukuta wa usalama (firewall) wa Windows, TCP na UDP zote. Sasa inafanya kazi vizuri kwenye hotspoti.

Gharama, kwa shilingi za Kenya: kebo 350, OTG 200, mausi 500, flashi mbili 1,400, kioo 4,500. Jumla 6,950. Bila kioo ni 2,450, na programu zote ni za bure.

Kilichobaki ni simu ya mweka hazina aliyetangulia, kabambe ya vibonye yenye michango ya kabla ya 2021. Haina adb wala Wi-Fi, na ikichomekwa kwenye kompyuta huchaji tu. Mpango ni kuweka simu nyingine juu ya kigoda, kuupiga picha ujumbe mmoja mmoja kwenye skrini, kisha watu wawili wauandike kwa mkono, kila mmoja peke yake, na walinganishe. Tunaanza wikendi ijayo, yeye mwenyewe akiwepo.